Semina Imeisha, Sasa Nini? Mwongozo wa Msimamizi wa Huduma ya Afya ya Akili Kituoni

Maswali ya wasimamizi yanayorudi ni yale yale. Wauguzi wamekwenda semina na kurudi na vyeti, mbona mgonjwa wa sonona (depression) bado anatoka na vidonge vya usingizi na neno la "pole, usiwaze sana"? Nitamkosoaje mtu aliyenizidi umri na uzoefu? Muda nautoa wapi wakati foleni ya OPD (wagonjwa wa nje) imefika getini?

Mwongozo huu ni wako wewe uliye katikati: muuguzi kiongozi, tabibu unayesimamia kitengo, afisa ustawi wa jamii mwenye washauri nasaha wawili chini yako, au unayewaangalia wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mifano imechukuliwa kutoka mazingira ya Mwanza: Nyamagana, Ilemela, mialo (maegesho ya mitumbwi ya uvuvi) na visiwa vya Ziwa Victoria. Ukiwa Kwimba au Geita utabadilisha ratiba tu, hatua zitabaki hizi.

Nadharia ni fupi. Mafunzo peke yake humwongezea mtu maarifa. Utendaji wake hubadilika anapoonyeshwa, anapofanya mazoezi mbele ya mtu, na anapofuatiliwa wiki baada ya wiki. Mtu wa kufanya hayo ni wewe. Mwezeshaji alishapanda basi, na timu ya halmashauri haiwezi kukaa kituoni kwako kila wiki. Watumishi hushika kile ambacho msimamizi wao wa karibu anakiuliza. Ukiuliza kila asubuhi "ripoti ya mwezi iko wapi?", utapata ripoti. Ukiuliza "kikao cha pili cha yule mama kilikwendaje?", utapata vikao.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Kitabu cha njia ya tiba mtakayotumia, nakala 1 kwa kila mtoa huduma na 1 yako. Nakala moja ya ofisi hufungiwa kabatini na kusahaulika.
- Fomu za PHQ-9 (maswali 9 ya kupima sonona) za Kiswahili. Mteja mmoja wa vikao 5 anakula fomu 5, kwa hiyo wateja 20 ni fomu 100. Toa nakala zote kwa mara moja.
- Daftari kubwa (kaunta buku) 1 la usimamizi, tofauti na vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya).
- Kabati lenye kufuli, na funguo zisizozidi 2.
- Chumba au kona ambayo sauti haivuki. Chini ya mwembe nyuma ya jengo panafaa. Kona ya chumba cha chanjo haifai.
- Saa 1 kwa wiki iliyoandikwa kwenye ratiba ya zamu, na mganga mfawidhi ameikubali.
- Namba ya simu ya mtu halisi wa kupokea rufaa kitengo cha afya ya akili, hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Namba ya mapokezi haitoshi.

Kama huna saa hiyo 1 ya ratiba, usianze. Malizana kwanza na mfawidhi. Usimamizi unaofanyika "tukipata nafasi" haufanyiki.

Hatua ya 1: Chagua tatizo moja na njia moja

Kosa la kwanza ni kubeba kila kitu: sonona, pombe, kifafa, msongo wa vijana, vyote kwa pamoja. Chagua kimoja kwa miezi 6.

Kwa vituo vingi mahali pazuri pa kuanzia ni sonona na msongo wa watu wazima, kwa njia ya vikao 5 ya Shirika la Afya Duniani iitwayo PM+. Iliandaliwa ili itolewe na watu wasio wataalamu wa magonjwa ya akili, kikao 1 kwa wiki, dakika 90. Ilijaribiwa Peshawar nchini Pakistani na kwenye viunga vya Nairobi, matokeo yakachapishwa 2016 na 2017, na waliopewa walipata nafuu kuliko walioendelea na huduma ya kawaida. Stadi zake ni 4: kutuliza mwili kwa kupumua taratibu, kutatua tatizo kwa hatua, kurudi kwenye shughuli kidogo kidogo, na kuimarisha watu wa kumshika mkono. Kikao cha 5 ni cha kupitia yote na kupanga mbele.

Haifai kwa aliye na hatari ya kujiua sasa hivi, aliyepoteza mguso na uhalisia, au asiyeweza kufuata mazungumzo kwa sababu ya ulemavu mkubwa wa akili au pombe. Hao ni wa rufaa. Liandike hilo kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kama tatizo lenu kubwa ni pombe, na kwenye mialo mara nyingi ndivyo ilivyo, anzeni na AUDIT, fomu ya maswali 10 ya kupima unywaji, na mazungumzo mafupi ya ushauri. Alama ni 0 hadi 40, na 8 kwenda juu ni unywaji wenye madhara au unaoelekea huko. Kubalianeni mapema jinsi ya kuhesabu gongo, maana haina kipimo: ulizeni chombo anachonywea, kisha mkione kwa macho.

Hatua ya 2: Ifanye wewe kwanza

Chukua wateja 2 wako mwenyewe kabla hujamwambia mtu yeyote abadilike. Usichague wepesi. Utagundua mahali ambapo kitabu kinasema dakika 10 na mama anahitaji 25, na mahali ambapo swali la fomu halieleweki mpaka uliseme polepole. Baada ya hapo ukimwambia muuguzi "sehemu hii ni ngumu", atakusikiliza. Msimamizi anayejua njia kwa kuisoma tu hugundulika wiki ya kwanza.

Ukitaka kujipima, Gregory Aarons na wenzake wa Marekani walitoa mwaka 2014 kipimo cha maswali 12 kuhusu kiongozi wa ngazi ya chini anayesukuma njia zenye ushahidi. Kinauliza mambo manne: unapanga mapema? unaijua njia yenyewe? unawasaidia watu wako? unavumilia mambo yakikwama? Wape watumishi wakujibie bila majina. Jibu lao kwa jambo la pili, kama unaijua njia, ndilo litakalokuuma.

Hatua ya 3: Andika orodha hakiki ya ukurasa mmoja

Bila orodha, kusimamia kunageuka kuwa "naona uko vizuri, endelea". Ya kikao cha PM+ inaweza kuwa na mambo 8:

1. Amejitambulisha, ameeleza usiri na mipaka yake.
2. PHQ-9 imejazwa kabla ya mazungumzo.
3. Kazi ya nyumbani ya wiki iliyopita imepitiwa.
4. Stadi ya siku imefanywa pamoja na mteja, si kuelezwa tu.
5. Mteja ndiye aliyechagua tatizo na hatua.
6. Kazi mpya ya nyumbani ina kitu, siku na saa.
7. Usalama umeulizwa.
8. Miadi ina tarehe, na mteja ameirudia kwa mdomo wake.

Kila jambo lipe 0 (halikufanyika), 1 (nusu) au 2 (vizuri). Jumla ni 16. Wekeni lengo la 12 kwa mwezi wa pili. Hiyo ni alama ya kituo chenu, mnaweza kuipandisha. Watumishi wapewe orodha hii siku ya kwanza. Ukiificha ili "uwakamate", watakuonyesha maigizo tu.

Jambo la 5 ndilo litakalowashinda wengi. Sisi tumelelewa kwamba anayekuja na shida anapewa ushauri, na asiyetoa ushauri anaonekana hajui kazi.

Hatua ya 4: Kikao cha wiki, dakika 60

Siku ile ile, saa ile ile, mlango umefungwa. Gawa hivi:

- Dakika 5: kuna mteja yeyote anayetia hofu wiki hii?
- Dakika 10: namba (angalia Hatua ya 6).
- Dakika 30: igizo dhima, yaani mmoja anaigiza mteja na mwingine mtoa huduma.
- Dakika 10: mteja mmoja mgumu, mmoja tu.
- Dakika 5: kila mtu anasema atakachofanya tofauti wiki hii, unakiandika daftarini, na wiki ijayo unaanzia hapo.

Igizo dhima ndilo huuawa kwanza. Watu wataona haya na kucheka, mmoja atasema "tulishafanya semina". Shika hapo hapo. Kuzungumzia tiba hakumfundishi mtu kuitoa. Kuonyeshwa na kujaribu ndiko kunakomfundisha. Anza wewe kuonyesha kwa dakika 5, kisha waingie wawili wawili, dakika 7 kila mmoja, kwa kipande kidogo. Kipande kizuri cha wiki ya kwanza ni kuuliza swali la 9 la PHQ-9, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, bila kushusha sauti wala kuangalia karatasi.

Kama unayemsimamia ni mkubwa kwako, mwamkie kama siku zote, kisha mpe nafasi ya mteja huku wewe ukiwa mtoa huduma. Fanya kipande kimoja vibaya kwa makusudi. Atakurekebisha, na akisharekebisha ameshajifunga kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Njia hii inafanya kazi kuliko hotuba yoyote ya "mama, naomba tubadilike".

Hatua ya 5: Kaa ndani ya kikao

Kila mtoa huduma ashuhudiwe mara 1 kila baada ya wiki 2 kwa miezi 3 ya mwanzo, halafu mara 1 kwa mwezi. Taratibu:

a) Mtoa huduma amwombe mteja ruhusa wewe ukiwa nje. Mteja akisema hapana, basi.

b) Kaa pembeni na nyuma kidogo, ili mteja asikutazame wewe. Usivae koti jeupe.

c) Usifungue mdomo, hata ukiona kosa. Ingilia kwa sababu moja tu, usalama.

d) Toa mrejesho siku hiyo hiyo, wawili tu, dakika 10.

Mrejesho uwe wa kitu ulichokiona. Chukulia mama anayekausha dagaa Kirumba, mzigo wa mkopo umenyeshewa na mvua, hana cha kumrudishia mwenye hela. Muuguzi akamwambia papo hapo: "Jiunge na kikoba." Usiseme "ulikosea jambo la 5". Sema: "Sista, ulivyomwuliza usingizi ulimpa nafasi, mama akafunguka. Pale alipotaja deni, jibu lilitoka kabla hajamaliza. Turudie: mimi ni mama, wewe niulize ameshafikiria njia zipi." Kisha mrudie kweli, mmesimama hapo hapo. Dakika 3 zinatosha.

Neno moja la sifa lenye ushahidi, jambo moja la kurekebisha, zoezi moja. Ukimpa mambo sita anaondoka na sifuri.

Hatua ya 6: Tumia namba, lakini chunga zisipikwe

PHQ-9 inauliza wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27. Chini ya 5 ni kidogo sana. 5–9 ni sonona hafifu. 10–14 ya wastani. 15–19 ya wastani kuelekea kali. 20 na zaidi ni kali. Kushuka kwa alama 5 ni nafuu inayohesabika. Kushuka kwa nusu ya alama za mwanzo kunaonyesha tiba inafanya kazi.

Kwenye daftari, kila mteja awe na mstari mmoja: namba ya siri, tarehe, alama ya kila kikao. Usibandike majina ukutani hata kwa herufi za kwanza. Mwaloni watu wanajuana mpaka kwa viatu.

Kanuni ya kituo: mteja ambaye hajashuka alama 5 kufikia kikao cha 3 anajadiliwa kwenye kikao cha wiki, na tabibu anamwona kuamua kama dawa inahitajika au rufaa.

Dalili za fomu zilizopikwa: zote zina wino mmoja na mwandiko wa mkono uliotulia, alama zinashuka kwa ngazi nzuri kama 15, 12, 9, 6, hakuna hata mteja mmoja aliyejibu chochote zaidi ya 0 kwenye swali la 9. Usianze na adhabu. Uliza kwanza nani alimwambia kwamba namba ikiwa mbaya atalaumiwa. Mara nyingi aliyesema hivyo, kwa maneno au kwa uso, ni msimamizi.

Hatua ya 7: Rekebisha ratiba na lugha, usikate stadi

Hapa ndipo wengi huharibu kwa nia njema. Wanaona vikao 5 ni vingi wanafanya 2. Wanaruka kazi ya nyumbani kwa sababu mteja hajui kuandika. Ukikata hivyo umebaki na mazungumzo ya kawaida, na hayo siyo yaliyojaribiwa Peshawar na Nairobi.

Unachoruhusiwa kubadilisha:

- *Siku na saa.* Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika nchi kavu. Weka kalenda ya mwezi ukutani na uwape miadi kipindi hicho, hata vikao 2 ndani ya wiki moja. Ukimwandikia "Jumanne ijayo" bila kuangalia mwezi, hatakuja, na utamwita mtoro bure. Akina mama wanaoanika dagaa wana kazi asubuhi mpaka mzigo ukauke, hivyo saa 9 alasiri ni bora. Kwa wakulima wa Magu na Misungwi, epuka siku ya gulio.
- *Mifano.* Badala ya kutembea bustanini, iwe kwenda kumsalimu shangazi, kusuka nyavu na wenzake, kurudi kwaya.
- *Kumbukumbu.* Asiyeandika apewe kadi yenye michoro, au achague mtu wa nyumbani wa kumkumbusha.
- *Kisukuma.* Kwa mzee asiyejua Kiswahili vizuri, mhudumu wa afya ngazi ya jamii atafsiri, na tafsiri ya maswali 9 mkubaliane kabla. Usimtumie mtoto wake wala mumewe kutafsiri.

Mteja akisema anaenda pia kwa mganga wa kienyeji, asikemewe. Aulizwe anapewa nini cha kunywa, na kama ameambiwa aache dawa za hospitali.

Hatua ya 8: Njia ya hatari iwe imeandikwa kabla haijahitajika

Jibu lolote zaidi ya 0 kwenye swali la 9, fomu inawekwa chini na mtoa huduma anauliza: mawazo hayo yanakuja mara ngapi? umefikiria utafanyaje? unacho cha kufanyia? umewahi kujaribu? nani yuko nyumbani leo?

Mwenye mpango na nyenzo haachwi peke yake hata dakika moja, hata chooni. Wewe unapigiwa, tabibu anaitwa, ndugu anaitwa kwa ridhaa yake inapowezekana, na rufaa inasindikizwa. Ndugu aambiwe wazi aondoe nyumbani dawa ya kuulia wadudu. Maeneo ya pamba hiyo ndiyo sumu iliyo karibu, mara nyingi iko chini ya kitanda. Vituo vya Ukerewe na visiwa vingine viandike ukutani saa ya kivuko cha mwisho, na nani anakaa na mgonjwa usiku kikiwa kimeondoka.

Mtoa huduma aliyemhudumia mteja aliye hatarini umwone siku hiyo hiyo, kabla hajaenda nyumbani. Chai na dakika 15 zinatosha. Fomu isubiri.

Ikikwama

*Wanasema hakuna muda wa dakika 90.* Hesabuni kwanza. Mtoa huduma 1 akiwa na wateja 3 kwa wiki ni saa 4 na nusu. Punguza wateja, usipunguze kikao. Chagueni wenye alama 10 na zaidi, na wenye 5–9 waelezwe hali yao, wapewe miadi ya kupimwa tena baada ya wiki 2.

*Wateja hawarudi baada ya kikao cha 1.* Angalia jambo la 8 kwenye orodha, kisha faragha, kisha nauli. Mara nyingi kikao cha 1 kilikuwa mahojiano matupu na mteja hakuondoka na kitu mkononi. Hakikisha zoezi la kupumua limefanywa pamoja kabla hajainuka.

*Alama za orodha hakiki ni 15 kati ya 16, lakini wateja hawapati nafuu.* Ama mtoa huduma anafanya vizuri ukiwepo tu, ama wateja waliochaguliwa si wa njia hii. Pitia fomu za kuingia. Tafuta pombe, ukatili wa nyumbani unaoendelea, au ugonjwa wa tezi ya shingo na upungufu wa damu ambavyo havijapimwa.

*Mganga mfawidhi anaona ni kazi ya mradi.* Mpelekee ukurasa mmoja wa mwezi: wangapi walianza, wangapi walimaliza vikao 5, wangapi walishuka alama 5. Mwulize nafasi ya dakika 3 kwenye kikao cha asubuhi, si zaidi.

*Mtu uliyemtegemea amehamishwa.* Itatokea. Wawe watu 2 wanaoijua njia wakati wote, na mmoja wao asiwe wewe. Anayeondoka akabidhi wateja wake ana kwa ana: kikao cha mwisho wakae watatu, aliyepo, anayekuja na mteja. Mgeni aanze na maigizo dhima 4 na kushuhudia vikao 2 kabla ya kupewa mteja wake wa kwanza, hata kama ana cheti cha semina ile ile.